Wasifu wa Mzee Mchangamfu: Jinsi ya Kumwandika Baba na Babu Aliyependa Kucheka

Yeyote aliyewahi kukaa chini ya turubai la msiba Tanzania anaujua wasifu wa marehemu hata kabla haujasomwa. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma shule fulani, akaajiriwa, akahamishwa, akastaafu. Alifunga ndoa, wakajaliwa watoto. Mnamo mwezi fulani alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, akalazwa, akapewa rufaa, hali ikabadilika ghafla, mpaka umauti ulipomkuta. Ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu. Bwana alitoa, Bwana ametwaa.

Sasa mchukue baba aliyekuwa hakosi mpirani, aliyecheza dansi mpaka soli za viatu zikaisha, ambaye wajukuu walimkimbilia kabla hajashuka kwenye baiskeli. Wasifu wa namna ile unamwacha nje kabisa. Waliokaa kwenye viti wanasikiliza habari za mtumishi fulani aliyepandishwa cheo mara mbili, na rafiki zake wanatazamana wakijiuliza huyu anayesomwa ni nani.

Sababu yake inajulikana. Wasifu huandikwa usiku mmoja, na mtoto anayesemekana ndiye msomi, akiwa na bahasha ya vyeti mezani. Bahasha ina barua ya ajira, barua za uhamisho, cheti cha ndoa na kadi ya kliniki. Haina mluzi wake wala maneno aliyokuwa akiyasema baoni. Anayeandika kutoka kwenye bahasha atapata kilichomo kwenye bahasha. Kwa hiyo kazi ya kumwandika mzee mchangamfu ni kazi ya kukusanya kwanza, kuandika baadaye, na ukusanyaji una muda wake ambao ukipita haurudi.

Ili mambo yaonekane vizuri, nitamtumia mzee wa kubuni: mstaafu wa reli, mkazi wa Ng'ambo mjini Tabora, aliyefariki akiwa na miaka 78, shabiki wa Simba, mcheza bao, baba wa watoto 6 na babu wa wajukuu 14. Wanaofanana naye wako katika kila mji ambao reli ilipita.

Jamvini ndiko kwenye hazina

Siku tatu za kwanza za msiba hukusanya watu ambao hawatakaa tena mahali pamoja: wafanyakazi wenzake wa zamani, jirani wa nyumba aliyohama mwaka 1985, shemeji kutoka Kigoma, mchezaji mwenzake wa timu ya mtaa. Wengi wao nao ni wazee. Mwaka ujao baadhi yao hawatakuwepo. Wanakaa usiku kucha wakiota moto na kuzungumza, na wanachozungumza zaidi ni yeye.

Mpeni mtu mmoja kazi ya kusikiliza tu. Asiwe mtoto wa marehemu, kwa sababu watoto wanaitwa kila baada ya dakika tano kuulizwa habari za jeneza, gari na mchele. Mjukuu wa miaka 18 hadi 25 anafaa zaidi. Wazee humweleza mjukuu mambo ambayo hawamwelezi mtoto, maana kati ya babu na mjukuu kuna utani. Na wawe wawili: kijana wa kiume kwa wanaume waliokaa nje, binti kwa wanawake waliokaa ndani. Pande hizi mbili zina mzee tofauti. Nje utasikia alivyocheza mpira na alivyomtoroka stesheni masta. Ndani utasikia alivyokuwa anaingia jikoni kuonja mchuzi kabla haujaiva, na wimbo aliokuwa akiwaimbia watoto wakikataa kulala.

Usiulize "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo huzaa sifa, na sifa za msibani zinafanana zote: alikuwa mtu wa watu, mcheshi, hakuwa na makuu. Uliza vitendo. Alipokuwa anakuja, ulimjua kwa nini kabla hujamwona? Alikuwa anakuitaje? Timu yake ikifungwa alifanya nini jioni ile? Nani aliweza kumshinda kwenye mchezo wa bao, na akishindwa alisema nini? Ni lini uliwahi kumwona amecheka mpaka akakaa chini? Kitu gani alikuwa haruhusu mtu akiguse? Maswali ya namna hii yanajibiwa kwa kisa, na ndani ya kisa utapata mahali, watu na maneno yake mwenyewe.

Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kwa lafudhi yake. Kama alikuwa anachanganya Kinyamwezi na Kiswahili cha reli, mchanganyiko huo ubaki. Ukisafisha utani wake uwe Kiswahili cha risala umeuua. Hili ndilo kosa linaloharibu wasifu mwingi kuliko mengine yote: mwandishi amepata kichekesho kizuri, akaandika "marehemu alikuwa akipenda kuwatania wajukuu zake". Anayesoma hapati kitu. Andika alichosema. Alimwambia mjukuu wake wa kike wa miaka sita: "Mke wangu, leo umenipikia nini? Kama hujapika narudi kwa bibi yako, yule ana wivu." Na yule wa kiume alimwita mume mwenza, akimdai posho ya nyumba kila mwisho wa mwezi. Msikilizaji yeyote wa kwetu akisikia hivyo anamwona mzee amesimama mlangoni.

Wapo pia watani wa kabila, nao hawa ni jambo la pekee. Mzee wa Kinyamwezi akifa, Mzaramo mtani wake ana haki ya kufanya msibani mambo ambayo mwingine angefukuzwa nayo: kuvaa kofia ya marehemu, kutembea kama yeye, kukohoa kama yeye, kuzuia njia akidai alipwe deni ambalo halikuwepo. Watu hucheka huku wanafuta machozi. Kwa mtu anayekusanya kumbukumbu, mtani ni shahidi wa mwendo. Hakuna maneno yatakayoeleza mwendo wa mzee aliyekuwa akiyumba kidogo upande wa kushoto kwa sababu ya goti lililoumia mpirani, lakini mtani akiuigiza hatua kumi, kila mtu anatambua. Piga picha ya video, ila uombe ruhusa kwa wenye msiba kwanza na usiirushe kwenye kundi la WhatsApp siku ile. Ndugu aliye mbali akiiona bila kuwepo, anaweza kudhani watu wanamdhihaki marehemu.

Kitu kingine cha kukamata mapema ni daftari la rambirambi. Familia nyingi hulitazama kama hesabu ya pesa tu. Lakini lile ni orodha ya marafiki zake, kwa majina, mara nyingine na namba za simu au jina la kikundi: wastaafu wa reli, wazee wa bao, jumuiya ya mtaa. Baada ya mahesabu kufungwa daftari hupotea au hugeuka la kuandikia madeni ya duka. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya siku ya kuanua tanga. Miezi miwili baadaye, mtakapotaka kujua ni nani alikuwa naye Morogoro, jibu litakuwa humo.

Kwa familia za Kiislamu mpangilio ni tofauti kidogo. Maziko hufanyika upesi, mara nyingi siku hiyohiyo, na si desturi ya wengi kusoma wasifu mrefu kaburini. Hilo lina faida yake: hakuna haraka ya usiku mmoja. Kusanyeni katika siku za matanga, andikeni taratibu, na maandishi yawe tayari kwa siku ya hitima au arobaini, watu wakiwa wamekaa baada ya dua.

Kurekodi bila kupoteza

Simu ya kawaida inatosha. Adui wa msibani ni kelele: jenereta, spika za kwaya, upepo unaopiga turubai. Mtoe mzungumzaji pembeni, hata nyuma ya nyumba au ndani ya gari lililofungwa vioo. Simu ikae kama urefu wa mkono mmoja kutoka mdomoni, juu ya kitambaa, si juu ya meza tupu, kwa kuwa meza hupokea kila kishindo cha kikombe. Iwekwe kwenye hali ya ndege ili isikatishwe na mtu anayepiga kuuliza njia. Rekodi sekunde kumi, sikiliza, ndipo uanze. Mwanzoni taja kwa sauti tarehe, jina la anayezungumza na uhusiano wake na marehemu. Faili lenye jina "Sauti 0047" halina maana kwa mtu atakayelifungua baada ya miaka mitano.

Saa moja ya mazungumzo katika ubora wa kawaida hula takribani megabaiti 60, kwa hiyo futa video za vichekesho kabla hujaanza. Usiku huohuo nakili mafaili kwenye kompyuta au flashi, na tuma nakala kwa ndugu mmoja aliye mji mwingine. Simu huibiwa misibani kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu nyumba iko wazi na kila mtu ni mgeni.

Msisahau sauti yake mwenyewe. Mzee wa siku hizi ameacha jumbe za sauti kwenye WhatsApp za watoto wake: anamsalimia mjukuu wa Mwanza, anamtania mkwewe, anaulizia matokeo ya mechi. Zipo kwenye simu za watu saba tofauti, na kila simu inayoharibika inaondoka na zake. Tangazeni kwenye kundi la familia, kila mmoja atafute mazungumzo yake na mzee, ahamishe jumbe hizo na kuzituma kwa mtu mmoja. Hili lifanyike wiki ya kwanza. Laini ya mzee nayo isikimbiliwe kufungwa, wala simu yake isifutwe ili apewe mtoto, kabla picha na sauti zilizomo hazijatolewa.

Picha za karatasi zina shida zake. Albamu za miaka ya 1980 na 1990 zenye kurasa za gundi na karatasi ya nailoni juu zimeshikana na picha. Usivute. Pitisha taratibu uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha ukianzia kona moja. Ikikataa, iache palepale, funua nailoni tu, uipige picha ilivyo. Kaa karibu na dirisha penye kivuli chenye mwanga, zima mwanga wa simu, na simu iwe sambamba na picha ili uso wa mzee usirefuke. Geuza kila picha upige na mgongo wake: huko ndiko kuna muhuri wa studio, tarehe, na maneno kama "Ukumbusho, Tabora". Majina ya waliomo yaandikwe kwa penseli laini. Wino wa kalamu huvuja na kutokea usoni baada ya muda. Kisha ziwekwe kwenye bahasha za karatasi, si kwenye mifuko ya plastiki inayofungia unyevu ndani.

Picha ya kuweka mbele ya jeneza nayo ichaguliwe kwa akili. Kawaida hukatwa kutoka kitambulisho, na mzee aliyecheka maisha yake yote anaagwa amekunja uso kama anashtakiwa. Tafuteni aliyocheka. Ila msichukue ile iliyozunguka WhatsApp: picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida mara nyingi hubaki na pikseli 1,600 hivi upande mrefu, na ukiichapa kwa ukubwa wa A3, ambayo ni sentimita 42, inatoka chini ya pikseli 100 kwa kila inchi, uso unakuwa na ukungu. Mwombe aliyeipiga aitume kama hati, au kachukueni ya karatasi mkaiskani upya.

Na iulizwe mikanda ya harusi. Kama mzee alikuwa mcheza dansi, picha zake bora za kujongea zimo kwenye mikanda ya VHS ya harusi za miaka ya 1990, dakika zile za kutoa zawadi. Mkanda wenye unga mweupe pembeni una kuvu, usiutie kwenye mashine, maana utachafua kichwa chake na mikanda itakayofuata. Ule msafi nao usiuchezeshe hovyo kwa ajili ya kutazama. Upelekeni moja kwa moja kwa anayehamisha, utazamwe ukiwa umeshanakiliwa.

Kupata mwaka wa jambo

Wazee wengi wa umri huu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na tarehe kwenye kitambulisho ilikuwa ya kukadiria. Hata wanaosimulia hawasemi miaka, wanasema "tulipokuwa Itigi". Hapa hutumika kalenda ya matukio. Alizaliwa kabla au baada ya vita vya Hitler kuisha, yaani 1945? Siku ya Uhuru, Desemba 1961, alikuwa anachunga, anasoma, au ameshabalehe? Alioa kabla ya Azimio la Arusha, Februari 1967? Mtoto wa pili alizaliwa kabla ya vita vya Amini, 1978 hadi 1979? Walihamia nyumba hii kabla au baada ya kufa Sokoine, Aprili 1984? Mvua za elnino, 1997 na 1998, zilimkuta wapi? Alikuwa ameshastaafu MV Bukoba ilipozama, Mei 1996? Kwa mtu wa reli upo na mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika la reli la pamoja likagawanywa. Kila mfanyakazi anakumbuka alikuwa kituo gani siku hizo.

Kwa mzee aliyependa raha kuna kalenda nzuri zaidi, nayo ni mpira na muziki. Mwulize shabiki mwenzake kama jambo lilitokea kabla au baada ya ile sita bila. Hatauliza sita bila ipi: mwaka 1977 Simba iliifunga Yanga 6–0, na wazee wa pande zote mbili wanajua walikuwa wapi siku hiyo. Au ule mwaka 1979 Simba ilipofungwa 4–0 nyumbani na Mufulira Wanderers wa Zambia, watu wakazima redio, kisha ikaenda kushinda 5–0 kwao. Au Taifa Stars ilipokwenda fainali za Afrika Lagos, mwaka 1980. Kumbukumbu za furaha zinashika tarehe vizuri kuliko kumbukumbu za ofisini.

Muziki nao unasaidia kukagua. Bendi zetu zilikuwa na mitindo yake: Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA Jazz Msondo, Mlimani Park Sikinde. Uliza alicheza mtindo gani na wapi. Mlimani Park ilianzishwa 1978, kwa hiyo anayesema alimwona akicheza Sikinde mwaka 1972 amechanganya bendi au amechanganya mwaka. Usimkatize. Andika alivyosema, weka alama pembeni, uulize mwingine. Mashahidi wawili wakikubaliana bila kuwa wamekaa pamoja, mwaka huo unatosha kuandikwa. Wasipokubaliana, andika "miaka ya mwanzo ya sabini" na usonge mbele.

Kuandika

Wasifu wa kusomwa ibadani uwe wa maneno 600 hadi 700, ambayo kwa sauti ya utulivu ni kama dakika sita. Viongozi wa ibada wengi hawatatoa zaidi ya hapo, na watu waliosimama juani hawasikilizi zaidi ya hapo. Maandishi marefu ya familia ni kazi nyingine, yanaweza kufika kurasa 30.

Ndani ya maneno hayo 700, elimu na ajira zipewe 120 hivi. Ugonjwa upewe sentensi mbili. Najua ndugu watapinga, hasa waliomuuguza, kwa sababu wiki za mwisho ndizo zimewaumiza na ndizo zilizo karibu. Lakini fanyeni hesabu: mzee wa miaka 78 aliyeugua miezi 3 ameishi miezi 936. Shukrani kwa waliomuuguza ziwekwe mwishoni, kwa majina, na majibu ya vipimo yabaki kwenye faili.

Nafasi iliyobaki ni ya mtu mwenyewe, na mtu mwenyewe aandikwe kwa mambo matatu au manne yaliyochaguliwa, kila moja likiwa na kitu kinachoshikika. Linganisha. Toleo la kwanza: "Marehemu alipenda michezo na alikuwa mchangamfu hadi uzeeni." La pili: "Akiwa na miaka 71 alikuwa bado anaendesha Phoenix yake kutoka Ng'ambo hadi stesheni, mjukuu amekaa kwenye keria. Wakifika penye mwinuko alipiga mluzi wa gari moshi na kumwambia mjukuu ashuke, akasukume behewa." Ya pili ina maneno mengi zaidi lakini imebeba kazi yake, nguvu zake, baiskeli yake, mjukuu wake na utani wake kwa pamoja. Ukipata vitu vinne vya namna hiyo una wasifu.

Kimoja kati ya hivyo, kwa mzee wa mfano wetu, lazima kiwe bao. Na bao likiandikwa liandikwe na mtu anayelijua, au mwandishi aketi na anayelijua. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 6 kwenye nyumba, yaani lile shimo kuu la mraba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza moja moja, mpaka ziishe ndipo mtaji uanze, yaani kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Kuna wanaolinda nyumba mpaka mwisho, na kuna wanaoitumia mapema kwa tamaa ya kula. Mzee alikuwa yupi? Hilo linaeleza tabia yake kuliko kusema alikuwa mvumilivu. Kisha maneno ya baoni: alisema nini akila kete nyingi, alimwitaje mpinzani aliyebaki na kete kwenye kimbi tu, yaani shimo la mwisho pembeni, alinyamaza wakati gani. Bao lake lenyewe lipigwe picha, na kete zihesabiwe. Kwenye bao lililotumika miaka mingi huwa kuna kete za komwe zilizopotea na nafasi zake zikazibwa na kokoto au kifungo cha koti. Kuna mtu pale anayejua hicho kifungo kimetoka kwenye koti la nani.

Jambo linalosahaulika: baba na babu ni watu wawili. Watoto wa kwanza walimjua akiwa kijana mkali, anayerudi safari na kukagua madaftari, mwenye mkanda ukutani. Wajukuu wanamjua aliyewaficha chini ya kitanda mama yao akiwatafuta kuwachapa. Mtoto mkubwa akisikia wasifu wa babu mtupu, ananung'unika kwamba huyu si baba yangu, na ana haki. Wekeni wote wawili, na ikiwezekana mwandike alipobadilika: baada ya kustaafu, au mjukuu wa kwanza alipokuja kulelewa pale nyumbani. Vilevile wajukuu wadogo, wa chini ya miaka kumi, huenda walimkuta ameshakaa kwenye kiti. Hao ndio wasifu huu unaandikiwa hasa, kwa kuwa hawakuwahi kumwona akikimbia.

Vichekesho vya kusoma hadharani vipite kwa mjane kwanza, au kwa dada wa marehemu. Kisa kinachomchekesha kila mtu lakini kinamwaibisha mtu aliye hai, hata kama ameketi nyuma kabisa, kibaki kwenye maandishi ya familia. Na majina ya watoto yakaguliwe na watu watatu kabla ya kuchapwa. Wapangeni kwa kuzaliwa, bila kuwagawa kwa mama zao, na wa nje ya ndoa anayejulikana na ukoo asiachwe. Kuacha jina moja kunaweza kuzua ugomvi utakaofunika kila kitu kizuri mlichoandika.

Msomaji awe mmoja, na wa pili akae naye akiwa na nakala yake, tayari kupokea ikiwa wa kwanza atazidiwa na kilio. Isisomwe kutoka kwenye simu: kioo hakionekani juani, na simu huita. Chapeni kwa herufi kubwa, ukubwa wa 16, mistari ikiachana, upande mmoja wa karatasi, kila ukurasa na namba yake. Penye kichekesho msomaji anyamaze kidogo, awape watu ruhusa ya kucheka. Akikimbilia sentensi inayofuata, watajizuia wakidhani wamekosea.

Baada ya watu kuondoka

Vitu vya mzee hugawanywa siku ya kuanua tanga au arobaini, na kwa saa mbili tu redio, fimbo, kofia, baiskeli na bao vinatawanyika mikoa minne. Kabla ya mgawo, kila kitu kipigwe picha mahali kilipokuwa kinakaa, na iandikwe nani amekichukua. Bao lisiende kwa anayetaka kulipamba ukutani kama yupo anayecheza.

Maandishi marefu yasubiri miezi miwili au mitatu, mpaka sauti zote zimesikilizwa na picha zimepata majina. Chapeni nakala ya kwanza kwa bei nafuu, kwenye karatasi za kawaida zilizobanwa kwa stepla, bila jalada. Mpelekee mjane moja, na nyingine ipelekwe barazani kwa wazee wa bao, jioni wakiwa wamekaa, asomewe kwa sauti hata asiyeona vizuri. Watabisha: hakuwa na Phoenix, ilikuwa Raleigh, goti hakuumia Tabora, aliumia Kigoma. Kila wanachosema kiandikwe kwa penseli pembeni ya ukurasa pamoja na jina la aliyesema, kisha ndipo mchape nakala za watoto sita.